Amina ya Mtaro

Jumatatu, 2 Machi

Lorine amenipa daftari hili akaniambia, "Mama, badala ya kugombana na kila mtu, andika." Haya, naandika. Lakini kugombana siachi.

Mimi ni Lenah Nabalayo, na hapa mtaani Kwa Sabuni naitwa Mama Lorine. Napika chapati na madondo, yaani maharagwe, mbele ya geti la kiwanda, upande wa Baba Dogo, na anayetaka kujua kama napika vizuri aulize wenye njaa. Mume wangu Wesonga yuko kiwanda cha mabati. Binti yetu Lorine analea watoto wachanga wa kina mama wanaofanya kazi viwandani. Asubuhi wanamwachia, jioni wanawachukua. Chumba chake kiko chini kabisa mwa mtaa, kando ya mtaro, maana huko ndiko kodi inashikika.

Mtaro wenyewe ni aibu. Hauna kuta, umejaa matope na mifuko, na kila masika unarudisha maji milangoni mwa watu. Mwaka huu tumesikia kaunti ina pesa za mradi mmoja katika wadi yetu, na eti wananchi ndio watakaochagua. Ukiniuliza mimi, hakuna cha kuchagua. Ni mtaro.

Jumatano, 4 Machi

Jua kali. Chapati ziliisha mapema. Mvua ng'o.

Jumatatu, 9 Machi

Leo nimecheka kwa hasira. Jacklyne, anayefagia ofisi ya wadi na ambaye tunaimba naye kwaya, alikuja kula akaninong'oneza, "Mama Lorine, kumbe hujui? Mkutano wa mradi ni kesho saa nne."

"Kesho! Nani ametangaza?"

"Tangazo liko. Limebandikwa mlangoni."

"Mlango upi? Si mimi napita hapo kila siku?"

"Kwa ndani."

Yaye! Kwa ndani! Tena kwa Kiingereza kitupu. Yaani ili ujue umeitwa, lazima uwe umeshaingia. Na hiyo saa nne ya Jumanne, kina mama wote wako kwenye mashine. Nilimwambia Wesonga aombe ruhusa kazini. Akanijibu bila kuinua macho kwenye sahani, "Nikikosa siku moja, kesho yake kuna mtu mwingine ndani ya ovaroli yangu. Huo ni mkutano wa serikali, waachie wenyewe."

Siwaachii. Rispa jirani atanishikia jiko, nami nitaenda.

Jumanne, 10 Machi

Nimerudi. Ngoja ninywe maji kwanza.

Saa nne tulikuwa ukumbini mimi, wazee wachache, na Jacklyne na ufagio wake. Tukakaa. Tukakaa tena. Baadaye likaja basi limejaa vijana waliovaa fulana mpya za manjano. Sikumtambua hata mmoja, na mimi ndiye ninayelisha mtaa huu. Nikamuuliza mmoja, "Niaje kijana, wewe unakaa ploti gani?"

"Mathe, mimi ni wa hapa tu."

"Hapa wapi?"

"Hapa... hii area."

Wakapewa viti vya mbele.

Saa saba ikibisha ndipo akaingia Bwana Kabiru, msimamizi wa wadi. Ni mtu mpole wa sura, anasalimia kila mmoja kwa mkono, na upole huo ndio unaomponza mtu. Akaongea Kiingereza mfululizo huku akionyesha picha ukutani. Ilikuwa geti. Geti kubwa la kuingilia mtaa, lina taa na maneno ya kukaribisha wageni, na juu kabisa picha ya mheshimiwa, mwakilishi wetu wa wadi, ambaye mwenyewe hakufika. Nikafikiria maji ya mtaro yakipita chini ya geti hilo yakikaribishwa kwa taa.

Niliinua mkono. Maiki ikanipita ikaenda kwa fulana ya manjano, naye akasifu geti. Nikainua tena, ikanipita tena. Mwisho nikasimama kabisa, kijana wa maiki akaniambia, "Mathe, muda umeisha." Zikagawiwa soda na mikate. Kisha Bwana Kabiru akamwita Mchungaji Luseno wa kanisa letu afunge kwa maombi. Mchungaji akamshukuru Mungu kwa viongozi, akamshukuru kwa mradi huu wa geti, akaomba ubarikiwe na ukamilike. Tukasema Amina. Mimi nilisema kwa sauti kuliko wote, maana ndivyo nilivyolelewa. Maombi yakiisha, unaitikia.

Walau hakuna kilichoamuliwa. Hakuna aliyetuuliza kitu.

Ijumaa, 13 Machi

Mvua imeanza. Lorine amepandisha magodoro ya watoto juu ya meza.

Jumatatu, 23 Machi

Nimeandika sentensi ya kwanza mara tatu nikaikata, kwa sababu haifai kusomwa na Mkristo.

Leo nilikwenda ofisini kwa Bwana Kabiru kumuuliza ni lini tutaitwa kuchagua mradi. Akanipa kiti. Akaniuliza habari za chapati. Halafu akasema, "Lakini Mama Lorine, hilo si lilishapita? Wananchi waliafiki geti kwa kauli moja."

"Kauli ipi? Mimi nilikuwa pale. Hakuna mkono ulioinuliwa."

"Mlisema Amina."

Nilidhani anatania. Nikamwangalia usoni nikaona hatanii hata kidogo.

"Mradi ulitajwa, ukaombewa, mkaitikia," akasema. "Na Amina maana yake si 'na iwe hivyo'? Imeandikwa hivyo kwenye kumbukumbu za mkutano. Hata wewe nilikusikia. Sauti yako haipotei, mama."

Nilisimama nikaondoka bila kuaga, na mimi kuondoka bila kuaga ni jambo la kutangazwa redioni. Kwa hasira hiyo nikaenda moja kwa moja hadi kwa Mchungaji Luseno. Nilimkuta akirekebisha kipaza sauti cha kanisa. Nikamuuliza aliombea geti kwa amri ya nani.

"Mama, waliniletea karatasi ya mambo ya kuombea," akasema. "Mimi naombea ninacholetewa. Harusi, matanga, gari jipya. Nitajuaje?"

"Na wakikuletea shetani?"

Akainamia kipaza sauti chake. Nami nikaongeza maneno mengine, na hayo siandiki.

Jumatano, 25 Machi

Wesonga amecheka mpaka akapaliwa. "Umeuza mtaro kwa Amina moja!" Leo amekula ugali na mboga. Nyama nimempa paka wa Rispa.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Nilipita mlango wa nyuma wa kanisa ili nisimpe mchungaji mkono.

Alhamisi, 9 Aprili

Nguo bado zimelowa. Nitaandika hivyo hivyo.

Mchana nilikuwa nasukuma chapati za mwisho mvua ikapiga kana kwamba mtu amepindua pipa. Simu ikalia. Ni Lorine. Alisema maneno mawili tu, "Mama, maji!" Niliacha chapati kwenye kikaango. Nilibeba beseni langu la kukandia unga, sijui kwa nini, nikakimbia.

Mtaro ulikuwa umefurika. Maji meusi yalikuwa yameingia chumbani kwa Lorine, yamefika magotini. Watoto wote walikuwa juu ya meza mbili, wanalia, na Lorine amesimama katikati amekumbatia wawili huku anazuia meza isisogee kwa nyonga. Rispa akaja mbio, mlinzi wa ploti akaja. Tukawatia watoto kwenye beseni, wawili wawili, tukawapitisha dirishani. Mtoto wa Nafula, mmoja wa wale kina mama wa viwandani, kale kasichana kadogo kenye mashavu, kaliteleza kwenye ukingo wa meza kakaenda chini. Nilikaona kakipotea. Lorine aliingiza mkono majini akakavuta kwa gauni. Kwa muda hakakutoa sauti. Halafu kakakohoa, kakalia. Sijawahi kusikia kilio kitamu namna ile.

Baada ya wote kutoka, niliketi kwenye ngazi ya Rispa nikalia nami, kwa sauti, mbele ya watu. Nililia kwa hofu, na nililia kwa ile Amina. Ningewezaje kujua? Lakini ni mimi niliyeisema.

Jumanne, 14 Aprili

Afisa wa afya amekuja. Amekuwa mwungwana, lakini neno ni moja: chumba kimefungwa mpaka mtaro utengenezwe. Siwezi kumlaumu. Mimi mwenyewe nisingemwacha mtoto pale.

Jumatatu, 20 Aprili

Nafula alifika kiwandani na mtoto mgongoni. Mlinzi akamrudisha getini. Kavinya, mama mwingine wa watoto wa Lorine, naye kazi imekwenda. Wengine wanawafungia watoto ndani na mtoto wa jirani wa miaka minane, na hilo linanitisha kuliko mtaro.

Jioni Lorine akasema rafiki yake amempatia chumba Njiru, juu, pakavu. "Mwezi wa tano ukiisha, Mama, naenda. Hapa hakuna mtu anayetusikia."

Nikamwambia afanye analoona ni sawa. Nikaingia jikoni nikakosha sufuria zilizokuwa safi. Yeye ndiye mtoto pekee ambaye Mungu amenibakishia, na Njiru kwangu ni kama ng'ambo.

Jumatano, 29 Aprili

Mvua. Jacklyne ameniletea habari: kutakuwa na mkutano wa mwisho wa kuthibitisha mradi, Jumanne tarehe kumi na tisa mwezi wa tano, saa nne. Tangazo liko palepale, mlangoni kwa ndani. Lakini safari hii amelipiga picha kwa simu. Lorine amelitafsiri na kulituma kwa kundi la kina mama.

Mara moja wakaanza: saa nne tutatoka vipi kazini? Nami nikawajibu: kwani hao wakubwa wamewahi kufika saa nne? Wakisema saa nne hufika saa saba, na saa saba ni saa ya chakula. Njooni wakati huo. Chapati zenu nitawaletea ukumbini.

Alhamisi, 7 Mei

Nimekwenda kwa Bwana Kabiru, kwa adabu, nimevaa kitambaa changu cha kanisa. Nikamwomba mkutano uwe Jumapili mchana. Haiwezekani, maafisa hawafanyi kazi Jumapili. Nikaomba uendeshwe kwa Kiswahili. Hiyo ataangalia. Nikaomba niandikwe miongoni mwa watakaozungumza.

"Wazungumzaji wameshajaa, mama."

"Wameshajaa na mkutano bado?"

"Ndiyo utaratibu."

Nilikuwa nimefika mlangoni nilipogeuka. "Na wa kuomba pia ameshajaa?"

Akacheka. "Hapo sina neno. Maombi ni ya mchungaji."

Nimetembea kutoka pale hadi nyumbani nikijisemea peke yangu barabarani. Dawa ya moto ni moto.

Jumamosi, 9 Mei

Nilimpa Mchungaji Luseno mkono kwa mara ya kwanza tangu Machi. Nikamwambia ninachotaka. Akakuna kichwa.

"Mama Lorine, maombi si siasa."

"Na geti lilikuwa Injili?"

Akaketi kwenye benchi. Akaniambia tangu maji yaingie kwa watoto hajalala vizuri, na kwamba wamemletea karatasi nyingine ya kuombea, ile ile, geti. Nilikuwa nimekwenda kumkaripia nikajikuta namhurumia. Ni mtu asiyejua kukataa, basi. Nimeolewa na mtu asiyejua kukubali, kwa hiyo namna zote nazijua.

"Acha nifikirie," akasema.

Jumatano, 13 Mei

Mchungaji bado anafikiria. Lorine ameanza kufunga vyombo kwenye magunia.

Jumatatu, 18 Mei

Nimemuuliza Mungu mwenyewe kama ni dhambi. Nimemwambia: Baba, wewe uliona yale maji, na sitakueleza ambalo hulijui. Sikusikia katazo. Nimekanda unga mwingi wa kesho.

Jumanne, 19 Mei

Leo sikati sentensi hata moja.

Saa nne ukumbi ulikuwa mtupu, kama kawaida yao. Fulana za manjano zikaja, zikakaa mbele. Bwana Kabiru akafika saa saba kamili, na nyuma yake, mlangoni, wakaanza kuingia kina mama wa viwandani na nyuzi za pamba kwenye nywele, mbele yao Nafula na Kavinya na watoto mgongoni. Wakajaa nyuma, wakajaa kando, wakasimama hadi nje. Nikapitisha chapati. Nilipoinua macho, nani amesimama karibu na dirisha na ovaroli ya kazi? Wesonga! Nikamuuliza kwa macho, na kazi? Akainua mabega. Yule aliyesema waachie wenyewe.

Bwana Kabiru alizungumza Kiswahili kidogo, akarudi Kiingereza, akaonyesha geti. Mikono ikainuliwa nyuma kote. Maiki ikazunguka mbele tu, kwenye manjano. Nafula akapaza sauti bila maiki, akaambiwa afuate utaratibu. Kina mama wakaanza kuangalia saa, maana mapumziko yanaisha. Kisha Bwana Kabiru akasema, kwa kuwa muda umekwenda, mchungaji atufungie kwa maombi kisha tuthibitishe.

Mchungaji Luseno akasimama. Karatasi alikuwa nayo mkononi. Akaikunja, akaitia mfukoni. "Leo," akasema, na sauti yake ikakwaruza, "namwomba mama yetu wa maombi, Mama Lorine, atuongoze."

Kijana wa maiki alisita. Lakini nani atamnyima maiki mtu anayeitwa kuomba? Akanipa. Nikasema, "Tusimame, tufumbe macho." Wakasimama wote, Bwana Kabiru pia, na fulana za manjano pia.

Nikaomba. "Baba, wewe uliyetenga maji na nchi kavu, tenga na ya Kwa Sabuni, maana sisi yametushinda. Unaujua ule mtaro, Bwana. Unajua hauna kuta. Uliwaona watoto wako juu ya meza, ukaona maji meusi, ukamrudisha mtoto wa Nafula tukiwa tumeshakata tamaa. Tunakushukuru kwa pesa ulizotuletea kupitia kaunti. Bwana, pesa hizo zijenge mtaro wenye kuta, kutoka juu kwenye mabomba ya maji hadi chini mtoni, kabla ya masika mengine. Geti tunakurudishia kwa heshima, mpe mtaa usio na maji. Na mikutano yetu, Baba, itangazwe nje ya mlango, kwa lugha tunayoota nayo, saa ambayo mfanyakazi anaweza kuja. Wanaokubali na waseme..."

"Amina!"

Mabati ya paa yalitetemeka. Kina mama, watoto, wazee, Jacklyne na ufagio wake. Fulana za manjano nazo zilisema Amina, maana na wao wana mama zao waliowalea. Na aliyesikika kuliko wote, sauti nene iliyotoka dirishani, alikuwa Wesonga, ambaye kanisani huwa anasinzia.

Nilifumbua macho. Sikurudisha maiki. "Bwana Kabiru, andika."

"Mama, hiyo ilikuwa sala."

"Na ile ya Machi ilikuwa nini?"

Kisha mtu akacheka nyuma, na kicheko kikaenea mpaka mbele. Bwana Kabiru aliangalia karatasi zake, akaangalia mlango uliojaa watu. Nilidhani atakasirika. Akafuta miwani, na nikaona anajizuia asicheke. Labda naye geti hakulipenda, labda naye hupewa karatasi. Akaandika.

"Soma," nikasema. "Kwa Kiswahili."

Akasoma: "Wananchi wameafiki mtaro kwa kauli moja."

Kina mama walikimbia kurudi kazini wakiimba.

Jumatano, 20 Mei

Wesonga amekatwa mshahara wa nusu siku. Nimempikia nyama.

Jumapili, 31 Mei

Mwezi umeisha leo. Magunia ya Lorine bado yako nyuma ya mlango. Hajasema anakwenda, hajasema anabaki, nami sijauliza.

Jumatatu, 15 Juni

Wamekuja watu wa kaunti na vigingi na kamba. Mtaro uko kwenye bajeti, kuta zitaanza mwezi wa saba, na kwa sasa wamezibua takataka zote. Afisa wa afya amepita, amekagua, amesema kiangazi hiki Lorine anaweza kufungua wakati wanajenga. Nafula alimleta mtoto kabla afisa hajamaliza sentensi.

Jioni nilipita kule chini. Lorine alikuwa anafungua magunia. Nilichukua ufagio nikafagia chumba kizima, na machozi yakanitoka bila ruhusa, naye akajifanya hayaoni.

Jumatatu, 22 Juni

Mvua imekwisha kabisa, vumbi limerudi. Asubuhi nikipita ofisi ya wadi nikasimama barabarani kama mtu aliyeitwa jina. Tangazo la mkutano wa mwezi wa saba limebandikwa mlangoni kwa nje! Kwa Kiswahili! Siku ni Jumamosi, saa tisa alasiri. Nilisoma kila neno kwa furaha mpaka nikafika mstari wa mwisho, ulioandikwa kwa herufi nzito: *Mkutano utafungwa bila maombi.*

Nimecheka peke yangu mpaka kwenye jiko. Sawa, Bwana Kabiru. Nitaomba ya kufungua.